Tahadhari, wafumaji wa Lubumbashi: uzi wa "kashmiri 100%" unaozungushwa kwenye simu ni plastiki

Bamama na bayaya mnaofuma triko, tafadhali msinunue uzi wa "kashmiri", yaani manyoya laini ya mbuzi, unaotangazwa kwenye WhatsApp tangu baridi ilipoanza. Unakuja katika mifuko inayoonyesha ndani, madonge kumi kumi, rangi ya chai ya maziwa, kijivu na damu ya mzee. Mimi niliununua, nikaufuma, na mabaki yake ninayo hapa mezani. Si kashmiri, wala si sufu ya kondoo.

Muuzaji ni mama mwenye maneno mazuri. Anakutumia picha za mbuzi kwenye theluji, anakuita dada, anakuuliza hali ya watoto. Tulikutana karibu na soko la Kenia, akanipa kipande kidogo nikiguse. Kilikuwa laini kweli. Nikamlipa kwa simu dola 80 kwa madonge 10 ya gramu 50 kila moja, na kesho yake kijana wa pikipiki akaniletea mfuko. Kile kipande nilichogusa na kile nilicholetewa si uzi mmoja, sasa ninajua. Namba yake haipatikani tena.

Triko lilikuwa la muzee mmoja wa Katuba ambaye mabega yanamuuma kila Juni na Julai. Binti yake alinipa avansi ya dola 40 akisema, "Mama, mufumie baba kitu cha joto." Nilifuma majuma matatu, jioni baada ya jioni. Mwishoni nikatandika kitambaa kibichi juu ya mkono wa triko na kupitisha pasi, kama ninavyofanya siku zote. Sufu ikipata mvuke huvimba na mishono hujipanga. Hii ililala. Ile mistari ya kubana kwenye kifundo ilitepeta, ikang'aa kama mfuko wa nailoni, na nilipoivuta haikurudi. Nilikaa chini.

Nikakata uzi wa urefu wa kidole, nikaushika kwa koleo juu ya sahani na kuuwasha kiberiti. Uliwaka haraka, ukadondoka, ukaacha punje nyeusi ngumu isiyovunjika kwa kucha. Hiyo ni akriliki, uzi wa plastiki. Sufu na kashmiri ni manyoya: huungua polepole, hunuka kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa, moto ukiondolewa huzimika, na majivu yake husagika kwa vidole.

Kama uzi umechanganywa, moto unaweza kukudanganya, kwa hiyo tumieni javeli, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe. Tia kipande katika bilauri ya javeli isiyoongezwa maji, dirisha likiwa wazi, na usichanganye na siki wala dawa nyingine yoyote ya usafi. Manyoya ya mnyama hutoa mapovu madogo na kuyeyuka yote. Kinachobaki ndicho ulichouziwa bila kuambiwa. Uzi wangu ulilala humo usiku kucha, asubuhi nikautoa mzima.

Lakini sikieni hili vizuri: moto na javeli haviwezi kutenganisha kashmiri na sufu, maana zote mbili ni manyoya. Mtu akikuuzia sufu kwa bei ya kashmiri, utapona kwa hesabu tu. Kashmiri ni yale manyoya laini ya chini ambayo mbuzi wa nchi za baridi kali, hasa China na Mongolia, huota kwa ajili ya majira ya baridi. Baridi ikiisha huchanwa kwa chanuo, kisha nywele ngumu huondolewa. Mbuzi mmoja hubakiza kama gramu 150 hadi 200 kwa mwaka. Madonge yangu 10 ni nusu kilo, yaani mbuzi watatu mwaka mzima, pamoja na kuchana, kusokota, kutia rangi na safari mpaka Kasumbalesa, kwenye mpaka wetu na Zambia. Kwa dola 80? Ningepiga hesabu hiyo kabla ya kulipa. Kondoo mmoja hutoa kilo kadhaa, ndiyo maana sufu inaweza kuuzwa kwa bei ya kawaida bila mtu kudanganya.

Na kwa baridi yetu, mimi sioni sababu ya kukimbilia kashmiri. Ni nyepesi na haiwashi shingo, ni kweli, lakini huota vidonge vya nyuzi kwapani upesi na haipendi mikono ya mtoto wa shule. Sufu nzuri, hasa ya merino, kondoo wa manyoya laini, ingemtosha yule muzee. Nimerudia salaula, nguo za mitumba: triko lenye etiketi ya sufu 100% ninalifumua na kuufuma uzi wake upya. Geuzeni kwanza mtazame ubavu. Ukingo ukiwa umekatwa na kushonwa kwa mashine, liacheni, mtapata vipande vifupi vifupi. Vipande vikiwa vimeunganishwa ukingo kwa ukingo bila kukatwa, uzi hutoka mrefu.

Avansi ya yule binti nimeirudisha yote na nimemwambia ukweli. Alinyamaza, kisha akasema atasubiri lile la sufu.

Wenye mfuko kama wangu, chukueni donge moja mloweshe ile karatasi iliyolizunguka, iliyoandikwa "cachemire 100%". Yangu ilibanduka baada ya dakika chache, na chini yake ilikuwepo karatasi nyingine, ya kiwanda: "acrylique 100%". Msizitupe karatasi hizo zote mbili, na msimuuzie mtu triko la uzi huo kwa jina la kashmiri. Kama tayari mmeliuza, mwambieni mteja leo, kabla hajalipiga pasi.