Kipochi cha kupozea insulini kwa maji: uzoefu wangu wa miezi minane kati ya Moshi na Arusha

Nina kisukari, na ninajidunga insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja) mara mbili kwa siku, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha usiku, na kwa kuwa kazi yangu ya uhasibu hunipeleka Arusha karibu kila wiki, sindano ya jioni hunikuta mara nyingi nikiwa mbali na friji ya nyumbani kwangu, Pasua, Moshi. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takribani wiki nne, lakini costa iliyoegeshwa juani stendi ya Moshi mwezi Februari, ikisubiri abiria wajae, haina joto la kawaida.

Awali nilikuwa nikiifunga chupa pamoja na barafu ndani ya kopo la chakula. Siku moja niliiviringisha viganjani kama nilivyofundishwa kliniki, nikitarajia ule weupe laini unaofanana na maziwa, nikaona mabonge madogo yameng'ang'ania kwenye kioo. Ilikuwa imeganda njiani, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Niliitupa, na jioni hiyo nikazunguka mjini nikitafuta nyingine.

Ndipo nikanunua kipochi hiki, katika duka la dawa jijini Arusha, kwa shilingi 38,000. Ndani ya kitambaa chake kumeshonewa chembechembe kavu ambazo, ukikizamisha katika maji ya bomba kwa dakika kama kumi, huvimba na kuwa ute mzito. Maji hayo yanapokauka polepole huondoka na joto, kama ulivyo mtungi wa maji wa bibi zetu. Hakihitaji barafu wala umeme, kwa hiyo hakiwezi kugandisha dawa. Kwangu hudumu siku mbili kabla ya kuloweshwa tena. Hata hivyo, hakifikii ubaridi wa friji, na chupa ambazo sijazifungua bado nazihifadhi nyumbani.

Kasoro iliyonigharimu haikuandikwa waziwazi kwenye karatasi ya maelekezo: kipochi hakipozi kitu kikifungiwa mahali pasipopita hewa. Wiki ya kwanza nilikitia ndani ya mkoba wangu wa ngozi, nikavuta zipu. Tulipofika Usa River jasho jembamba lilinitoka na vidole vikaanza kutetemeka, dalili za sukari kushuka mwilini; nikatoa kifaa cha kupimia sukari, nacho kikaonyesha hitilafu mara tatu mfululizo, kwa sababu kopo la vijiti vya kupimia, ambalo sikulifunga sawasawa, lilikuwa limelala juu ya kitambaa kibichi na vijiti vimepata unyevu. Sikusubiri namba. Nilibugia vijiko vitatu vya sukari kutoka kwenye karatasi niliyokuwa nayo mfukoni, nikafumba macho kwa robo saa hadi mikono ikatulia. Kipochi chenyewe kilikuwa vuguvugu.

Tangu hapo hukaa nje, kimening'inia kwenye mkanda wa mkoba, na vijiti viko upande mwingine kabisa. Bei ya kukiweka nje ni macho ya watu. Kondakta mmoja aliniambia, "Shikamoo mama, hako kamfuko kanachuruzika, nikaweke kwenye buti." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, hiyo ni dawa yangu ya sindano, nitaipakata mwenyewe." Aliniachia kiti cha dirishani, jambo ambalo sikuliomba.

Msimu wa baridi, Juni na Julai, hasa nikilala Arusha, kitambaa hakikauki na huanza kunuka uvundo. Miezi hiyo nakianika na kukiweka kabatini, kwa kuwa hali ya hewa yenyewe inatosha. Nafasi yake pia ni finyu: hubeba chupa mbili na sirinji chache, bila pa kuweka zilizotumika, ambazo mimi huzitia kwenye chupa ngumu ya sabuni yenye kifuniko na kuzirudisha kliniki. Zipu iliharibika mwezi wa tano. Fundi viatu karibu na stendi aliibadilisha kwa shilingi 2,000, na hiyo mpya ni imara kuliko ya kiwandani.