Magunzi yako hayajachoka, yamejaa vumbi tu

Habari zenu mafundi, na karibuni tena kibandani kwangu hapa Katwe, Kampala. Kabla sijagusa mashine, tazameni hiki kipande cha tishu. Asubuhi kilikuwa cheupe. Kimezunguka saa mbili tu kwenye tambla, mashine yangu ya kung'arishia, ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa, pamoja na bangili thelathini za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Sogeza kamera, kaka. Mnaona? Cheusi kama sufuria ya kuni, na nikikifikicha vidole vinabaki na masizi. Kisingekuwemo, masizi hayo yangebaki kwenye magunzi na kurudi kuzipaka bangili zangu.

Mashine yenyewe ni hii: tambla ya mtetemo, ndoo ya plastiki imekaa juu ya mota. Nina miezi minane nayo. Mota ni imara, sina lawama. Nati ya kifuniko inalegea kwa mtetemo, kwa hiyo nimeifunga waya. Ina kelele, kwa hiyo usiku siiwashi, jirani ana mtoto mchanga. Ukiipata kwa bei nzuri, nunua. Lakini kazi inaamuliwa na unachotia ndani.

Mimi natia magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Yapo ya kuagiza, makavu, punje zimelingana. Haya ya kwangu nimeyapata kwa mwenye kinu cha posho. Niliyaanika siku tatu, nikachekecha mara mbili: chekeche la kwanza linaondoa mapande, la pili linaondoa unga. Hilo la pili msiliruke, jamani, kwa sababu unga ndio unaoganda na uchafu. Halafu punje iwe ndogo kuliko tundu la shanga. Punje na tundu zikikaribiana ukubwa, punje inakwama humo, na utakaa na sindano hadi jioni ukitoa moja moja. Maganda ya wolnati, kokwa ngumu, yakisagwa yanakwangua haraka zaidi, lakini mng'ao wa mwisho nautafuta kwenye magunzi.

Zamani kila magunzi yalipokuwa meusi niliyatupa. Niliumia sana nilipogundua kwamba nilikuwa natupa punje nzima bado. Watu wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi wanalijua hili siku nyingi: wanatia kwenye tambla vipande vya zile karatasi laini za mashine ya kukaushia nguo, zilizokwisha kutumika, navyo vinanasa vumbi. Sisi nguo tunaanika juani, karatasi hizo nitazitoa wapi? Nikajaribu vya hapa. Gazeti lilichanikachanika likawa taka nyingine. Fulana kuukuu ya pamba inanasa vizuri na inafulika, ila inajisokota kwenye bangili. Tishu nene ya jikoni ndiyo imeshinda. Chana vipande vya upana wa vidole viwili, sita vinatosha ndoo hii, na uvibadilishe kila mzunguko.

Ongeza kifuniko kimoja cha chupa cha spiriti nyeupe ya wapaka rangi, ili vumbi lishikwe lisiruke. Kimoja tu, mbali na jiko. Acha magunzi yazunguke peke yake wazi robo saa, harufu ipungue, ndipo utie brasi. Ukitia vyote pamoja, utapata madonge.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize. Msitie dawa ya kung'arisha yenye amonia. Mimi nilitia. Bangili zilitoka zinawaka, mteja akafurahi, baada ya wiki chache akarudi nazo zimepasuka kwenye mkunjo. Niliona aibu, nikamrudishia pesa yake. Brasi iliyokunjwa ikiwa baridi inabaki na mkazo ndani, na amonia ikiigusa, inapasuka penye mkazo huo. Waingereza waliliona India karne ya 19: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua zilipasuka maganda, na amonia ilitoka kwenye mkojo wa farasi. Sababu ilielezwa wazi mwaka 1921. Ganda la risasi ni shaba asilimia 70 na zinki 30, nalo limefinyangwa likiwa baridi kama bangili zetu. Kwa hiyo soma chupa. Ukinusa kitu kinachochoma pua kama mkojo wa zizini, kirudishe dukani.

Na hilo vumbi si la kuchezea. Brasi ya mabomba na vali kuukuu tunayoyeyusha huwa na risasi, ile metali nzito, na maganda yaliyofyatuliwa huwa nayo kwenye masizi ya fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda. Chekecha nje, vaa barakoa, nawa mikono kabla ya kushika chakula. Tishu chafu nazifunga kwenye mfuko. Jikoni haziingii, wala sizichomi, na watoto wasizione.

Kila Jumamosi napitisha sumaku kwenye magunzi. Oneni inachotoa: vumbi la tupa, chuma kitupu, ambacho kingekwaruza brasi.

Mtajuaje basi kwamba magunzi yamekwisha kweli? Tishu ikitoka karibu nyeupe na brasi bado imefifia, hapo punje zimelainika kingo, hazisugui tena. Haya ya leo tishu bado inatoka nyeusi na bangili zinang'aa. Natia vipande sita vipya, nakaza nati, nafunga waya. Kaka, washa.