Sapoti ya mkono yenye bamba la alumini: tathmini baada ya miezi mitatu

Sapoti ninayoizungumzia ni ile ya kitambaa cheusi, yenye tundu la kupitishia kidole gumba, mikanda mitatu ya kunasa, na bamba la alumini lililochomekwa ndani ya mfuko mwembamba upande wa kiganja. Imetengenezwa China, na mimi niliuziwa kwa shilingi 25,000 katika duka la dawa hapa mjini Unguja. Nimelala nayo kila usiku kwa miezi mitatu, na kwa shida iliyonipeleka dukani imenifaa kweli. Hata hivyo, tangu nianze kuivaa nimeshaona watu wawili wakiinunua kwa ganzi ambayo sapoti hii haiwezi kuigusa kabisa, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kazi yangu ni kushona kofia za viua. Anayeijua kazi hiyo anafahamu kwamba sindano hukamatwa kwa ncha za vidole kwa saa nyingi, kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa, na kofia moja huchukua wiki nyingi kumalizika. Ganzi yangu ilianza usiku. Nilikuwa nikiamka mnamo saa nane na kukuta kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi na vinachomachoma, nami nikawa sina budi kuukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji ndipo nipate nafuu. Baada ya muda hata mchana sindano ilianza kuniponyoka bila mwenyewe kuhisi.

Muuzaji aliniuliza swali moja tu, nalo ni mkono upi, wa kulia au wa kushoto. Hakuuliza vidole gani, na wala hakunipima. Swali la vidole lilikuja kuulizwa baadaye hospitalini, na daktari alilianza hilo kabla ya mengine yote. Alinieleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambayo sakafu yake ni mifupa midogo na dari yake ni utando mgumu usionyumbuka, na kwamba humo hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva moja. Kano zikivimba kwa kazi, au mwili ukijaa maji kama inavyowatokea baadhi ya wajawazito, neva ndiyo inayobanwa. Neva hiyo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete; kidole cha mwisho hakimo katika hesabu yake. Kisha akaniambia nikutanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo kwa dakika moja. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la George Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani, na hakihitaji kifaa chochote. Kabla dakika haijatimia vidole vyangu vitatu vilikuwa vimeshakufa ganzi.

Kwa hiyo sapoti haina dawa ndani yake. Inachofanya ni kuuzuia mkono usikunjike wakati mwenyewe amelala, kwa kuwa mkono uliokunjwa huongeza mbano katika njia ile, na wengi wetu hulala tumeikunja mikono bila kujua.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la bidhaa hii. Bamba lake lilikuja limepindwa, hata kiganja kikawa kinalala kimeinuka kuelekea nyuma, kama cha mtu anayesukuma mlango. Mkono uliopinda kuelekea nyuma nao unaibana neva. Mbano huwa mdogo pale mkono unapokuwa umenyooka au karibu na kunyooka. Nilivaa wiki mbili za mwanzo bila nafuu yoyote na nikaanza kujutia fedha zangu, mpaka mtaalamu wa fiziotherapia alipolichomoa bamba, akalinyoosha kwenye ukingo wa meza na kulirudisha mahali pake. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili. Karatasi iliyomo ndani ya boksi haikutaja jambo hilo hata kwa neno moja. Kuanzia hapo usiku ulianza kutulia, na baada ya wiki sita hivi nikawa naamka mara moja moja tu kwa wiki.

Wa kwanza kati ya wale watu wawili ni shemeji yangu, ambaye alipoona nafuu yangu alikwenda kununua ya kwake. Ganzi yake ilikuwa katika kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Vidole hivyo vina neva nyingine, inayopita nyuma ya kiwiko, palepale mtu anapojigonga akahisi kama amepigwa na umeme. Shemeji hushinda dukani kwake akiegemeza kiwiko juu ya kaunta huku simu ikiwa sikioni. Sapoti ya kifundo ingemsaidia nini? Alichohitaji ni kuacha kuegemea, na kujifunga taulo kwenye kiwiko usiku ili mkono usikunjike.

Wa pili ni jirani mwenye kisukari, ambaye ganzi yake ilianzia miguuni kabla ya kupanda mikononi, tena pande zote mbili kwa pamoja. Mpangilio huo kwa mwenye kisukari mara nyingi humaanisha kwamba neva zenyewe zimeathirika na sukari, na hakuna mkanda wa kuzifunga. Alipokwenda kliniki walimpima pia vitamini B12, kwa sababu metformin, dawa anayoitumia kila siku, inaweza kuipunguza mwilini. Kisukari, hata hivyo, kinaweza vilevile kuleta mbano kama wangu, na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana na mimi nilitolewa damu.

Anayemeza dawa za kifua kikuu naye asikimbilie sapoti, kwani isoniazidi inaweza kuleta ganzi, na vitamini B6 ndiyo hutolewa kuizuia. Maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi vidoleni huelekeza kwenye pingili za shingo. Baka lililopauka lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado tunao na ambao dawa zake hutolewa bure. Ganzi inayoingia ghafla upande mmoja, mdomo ukaenda kombo au ulimi ukawa mzito, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Nikirudi kwenye kitambaa, kwa joto la Unguja ni kizito. Wakati wa kaskazi niliamka kiganja kimeloa jasho, na baada ya wiki moja kitambaa kilinuka. Hufuliwa kwa mkono baada ya kuchomoa bamba, lakini hakikauki haraka, hivyo kifuliwe asubuhi mapema. Mikanda ya kunasa hukusanya nyuzi, jambo ambalo kwa mshonaji ni kero ya kila siku; mimi huzing'oa kwa sindano kuukuu. Mchana siivai, kwani haiwezekani kushona nayo.

Daktari amenionya kwamba misuli iliyo chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, nisiendelee kungoja sapoti, kwa sababu hapo hufikiriwa upasuaji wa kuukata utando ule ili neva ipate nafasi.

Mkono wa kushoto umeanza majuzi, vidole vilevile vitatu, na nimeununulia sapoti ya pili. Ile ya kwanza ilinipwaya, kwa hiyo safari hii nilikwenda dukani na futi yangu ya kushonea, nikajipima mwenyewe kifundo mbele ya muuzaji, na bamba nikalinyoosha palepale kabla ya kulipa.