Kisasi cha dada mtu, vipande 78: uzoefu wangu

Ilianza na tangazo. Nimesimama foleni ya mwendokasi Kimara, simu mkononi, mara anatokea bibi harusi amepiga magoti kwenye mvua na mdogo wake wa tumbo moja anamkanyaga vidole kwa kiatu cha kisigino. Nikapakua programu hapohapo. Nilikuwa nashuka Magomeni, nilizinduka Fire.

Kwa ambaye hajazionja: hizi ni tamthilia za Kichina zinazopigwa wima, kwa ajili ya kioo cha simu tu. Kipande kimoja ni dakika moja hadi mbili, na tamthilia nzima huwa na vipande 60 hadi 100. Wenyewe wanaziita duanju. Nyingi zinapigwa Hengdian, mkoa wa Zhejiang, mji wa studio uliojulikana kwa filamu za wafalme na majumba yao. Neno la kwanza la jina hilo lina maana ya ulalo, basi Wachina kwa utani sasa wanauita Shudian, yaani wa wima.

Hii yangu ina vipande 78. Dada mtu kamlea mdogo wake tangu wazazi wafariki, na alipougua kamtolea figo. Mdogo akishapona anachukua nyumba, kampuni na mchumba. Dada anakufa, anaamka miaka mitatu nyuma, siku ileile ya operesheni, akiwa anakumbuka kila kitu. Kufa na kurudi kulipiza ni jambo la kawaida kwenye tamthilia hizi, wala usijiulize imekuwaje.

Kilichonishika ni kipande cha sita. Dada amelala hospitali, midomo imekauka. Mdogo kaleta uji. Anachota, anapuliza, anamlisha taratibu, anamfuta mdomo kwa leso. Mkono wa pili uko chini ya shuka: kakamata kidole gumba cha dada yake, anakichovya kwenye wino mwekundu, anakigandamiza kwenye karatasi. Halafu anakifuta kwa leso ileile ya uji. Hakuna muziki, hakuna anayelia. Dada anasema "asante" na kufumba macho. Niliirudia mara tatu.

Kisasi sasa ndicho kimenichosha. Kuanzia kipande cha 30 ni vibao tu. Nilihesabu 14 kabla sijaacha kuhesabu. Kila mtu anageuka kuwa tajiri aliyejificha, hata mzee wa kufagia. Mdogo mtu, aliyekuwa mjanja wa kutisha, anafanywa kichaa anayepiga kelele kwenye korido. Na sababu ya chuki yake walikuwa nayo mkononi! Kipande cha 22 anasema kila mgeni akija lazima amwambie ana bahati kuwa na dada kama yule. Basi, sentensi moja, wakaiacha hapo. Tenda wema nenda zako. Huyu dada alitenda wema akabaki palepale, na kovu lake ubavuni, kila asubuhi mezani. Hapo ndipo palikuwa na tamthilia. Wao wakachagua vibao.

Maandishi ya Kiswahili ni vituko. Kichina, sawa na sisi, hakichanganyi mkubwa na mdogo: dada mkubwa ni jiejie, mdogo ni meimei. Nadhani tafsiri imepitia Kiingereza kwanza, maana wote wawili wamekuwa "dada". Kwa hiyo mkubwa anamwita mdogo wake "dada yangu", mdogo naye anajibu "dada yangu", na kwenye ugomvi wa urithi, ambapo ukubwa ndio hoja yenyewe, hujui nani anamdai nani. Kuandika "mdogo wangu" kungewagharimu nini? Kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyesha filamu mtaani, tulizoea mtafsiri anayekwambia mpaka adui anawaza nini. Hapa hata "mdogo wangu" imeshindikana.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo iliyoniuma. Vipande 10 vya kwanza ni bure. Kufuli linakaa mkono ukiwa umeshainuliwa, kibao hakijatua. Kila kipande ni sarafu 60, na mimi nilinunua sarafu 500 kwa kama shilingi 13,000, zinazofungua vipande 8. Piga hesabu mwenyewe: vipande 68 ni mafungu tisa, shilingi 117,000, kwa kitu ambacho ukikiunganisha hakifiki saa mbili. Mtaani kwetu hizo ni kilo 39 za mchele. Unaweza kufungua vichache kwa kuangalia matangazo, lakini mwisho matano kwa siku, na bando linaisha kabla ya hasira.

Nilinunua mafungu mawili, nikaendelea kwa matangazo karibu wiki mbili, na la tatu nikaliweka akiba kwa ajili ya mwisho. Jumapili nimetoka kanisani nakuta salio sifuri. Mdogo wangu, ninayelala naye chumba kimoja, alichukua simu iliyokuwa kwenye chaji akamalizia vipande vyote vilivyobaki. Hakuomba hata samahani. Alinisimulia mwisho akiwa anamenya viazi: "Anamsamehe." Nilikaa chini. Vibao vyote vile, halafu anamsamehe!

Nimempa adhabu ya kuosha vyombo mwezi mzima. Ameosha siku nne.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za kipande cha sita. Ukiamua kujaribu, nunua sarafu, usiguse kile kifurushi cha wiki: cha jirani yangu kilimkata hela tena chenyewe siku ya nane, na alipoandika kulalamika alijibiwa na mashine. Na uweke namba ya siri kwenye simu.