Mbao za kuzungushia kidimbwi cha uani: zipi ununue, zipi uziache

Kidimbwi kikishachimbwa, nailoni ikatandikwa na mayungiyungi yakashika, kinachobaki kuchusha ni ukingo. Nailoni inachungulia, mawe yamekaa shaghalabaghala. Fremu mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, zikijazwa udongo katikati, huficha yote hayo na kukupa pahala pa asumini, mrehani na mchaichai. Kazi yenyewe fundi yeyote anaiweza. Pesa hupotelea dukani, kwenye kuchagua mbao.

Hapa visiwani mbao ya uani ina maadui wawili, mchwa na unyevu. Lakini kando ya kidimbwi kuna jambo la tatu ambalo muuza mbao hatakuuliza: samaki. Dawa nyingi zinazomzuia mchwa zinamuua na samaki. Mpangilio wangu umezingatia hilo kwanza, bei baadaye.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga hesabu. Chukua fremu ya ndani ya futi 6 kwa 4, na ya nje ya futi 8 kwa 6, ili udongo upate upana wa futi moja kila upande. Mzunguko mmoja wa fremu zote mbili ni futi 48, yaani mbao nne za futi 12: mbili unazikata sita kwa sita, mbili unazikata nane kwa nne. Ukitumia mbao za 1x8 (unene inchi moja, upana inchi nane) na kupanga safu mbili kwenda juu, unahitaji nane. Nunua ya tisa, maana vichwa vya mbao mara nyingi vimepasuka, na vigingi vya kona navyo vinataka kipande.

1. Msaji

Wengine wanauita mtiki. Mwingi unatoka kwenye mashamba ya kupandwa ya bara, kama Longuza kule Muheza na Mtibwa. Una mafuta yake ya asili, haupindi sana, na hauhitaji dawa, kwa hiyo samaki wako salama. Tahadhari ni moja tu, lakini kubwa: sifa zote hizo ni za moyo wa mti, ule wa rangi ya kahawia. Ukanda mweupe wa pembeni unaoza na kuliwa kama mbao nyingine yoyote, na msaji uliokatwa mchanga una weupe mwingi. Geuza kila mbao pande zote mbili. Muuzaji akikuambia "zote ni msaji", anasema kweli, ila wewe unanunua moyo, hununui jina.

2. Mfenesi

Huu nauweka juu kuliko wengi watakavyouweka. Ni mti wa kwetu, moyo wake wa manjano mchwa hauupendi, na unarandika vizuri. Shida ni kwamba hauupati unapoutaka, unaupata mtu akiangusha mti shambani. Ulizia kwa wapasua mbao wa vijijini kabla hujaenda mjini. Usiuchanganye na mwembe, ambao kwenye udongo wenye maji haudumu.

3. Mvule na mbambakofi

Kwa uimara, hizi zingekuwa za kwanza. Mbambakofi, ambao bara wanauita mkongo, umebeba milango ya Mji Mkongwe kwa vizazi. Lakini kuufukia nusu kwenye udongo wa mrehani ni israfu. Hizi ni miti ya msitu, bei iko juu na ukataji wake unasimamiwa, kwa hiyo ukinunua dai kibali na risiti. Vikipatikana vipande vilivyobaki kwa seremala wa milango, vifanye vigingi vya kona.

4. Msonobari uliotiwa dawa

Ndio wa bei nafuu na ndio utakaoukuta kila duka, mwingi wake ukitoka nyanda za Iringa. Ule wa kijani mara nyingi una shaba ndani yake, na baadhi una arseniki. Shaba hata kidogo ni sumu kwa samaki. Basi utumie kwa fremu ya nje tu, isiyogusa maji, na upande unaotazama udongo utandike nailoni. Mwambie muuzaji akate kichwa kimoja mbele yako: ukiona ukijani umeishia kwenye ngozi ya mbao na katikati ni weupe mtupu, hiyo ilichovywa tu. Vipande vinavyobaki visiende jikoni kuwa kuni. Moshi wake ni sumu.

5. Mbao za majahazi ya zamani

Zinapendeza, na hoteli zimezipandisha bei. Chukua zile za juu ya maji. Za chini ya maji zinaweza kuwa zimepakwa rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, nayo aghalabu ina shaba.

6. Mnazi

Ile ya nje ya shina la mnazi mzee ni ngumu na nzito, ya katikati ni laini kama sponji. Ibonyeze kwa ukucha. Hata iliyo ngumu, isiguse ardhi.

Boriti za mikoko sizipangi. Mikoko ina kazi yake pwani, na kuikata kunataka kibali. Chipubodi na plaiwudi ya kawaida usizitazame hata mara mbili.

Skrubu nunua za stenlesi. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma cha kawaida upesi, na kwenye mbambakofi chuma huacha madoa meusi. Fundi akikupendekezea oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa, kataa: mvua ya kwanza ya masika itaishusha kidimbwini. Mafuta ya kitani yanasaidia kwa unyevu, mradi yakauke kabisa kabla ya udongo kuingia. Watu wa pwani watakutajia sifa, mafuta ya samaki yanayopakwa vyombo vya baharini. Mbao itayapenda, jirani hatayapenda.

Matundu ya kutolea maji yatobolewe kwenye fremu ya nje peke yake. Maji yenye samadi yakirudi ndani, kidimbwi kitageuka kijani.

Nunua wakati wa kusi, mbao zikiwa kavu. Ukilazimika kununua wakati wa masika, zipange kivulini na vijiti katikati yake mpaka zikauke, ndipo umwite fundi.