Kifyonza Vumbi cha Kusimama kwa Nyumba Yenye Paka au Mbwa: Kipi Kitangulie, Kipi Kifuate

Kifyonza vumbi cha kusimama, yaani kile chenye mota, brashi na hifadhi ya uchafu katika mwili mmoja unaosukumwa kwa mpini, ni chombo cha nyumba zenye mazulia yaliyogundishwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana kimeenea sana Marekani na Uingereza, ambako mpangaji hukuta zulia limekwisha kuwekwa na hana ruhusa ya kuling'oa. Msomaji anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat katika nyumba ya vigae, mwenye paka mmoja na mabusati mawili matatu, hana haja ya kugharimia mashine hizi: kifyonza cha kuburuta chenye mpira mrefu kitamtosha, tena kitaingia chini ya kitanda kwa urahisi zaidi. Mwongozo huu umekusudiwa hasa walioko Columbus, Minneapolis au Leicester, wenye zulia la mwenye nyumba, mnyama anayepukutisha manyoya mwaka mzima, na amana ya pango ambayo wangependa kurudishiwa siku ya kuhama.

Kazi hufanywa na brashi, si na wati

Manyoya hayakai juu ya zulia kama makombo ya mkate. Kila unyoya una magamba madogo mno ambayo hung'ang'ania nyuzi za zulia, na kila anayepita juu yake huzidi kuukandamiza chini. Upepo peke yake hauwezi kuung'oa. Ni lazima kwanza brashi inayozunguka iuchambue na kuuinua, ndipo upepo uuchukue. Kwa hiyo maswali ya kwanza dukani yahusu brashi. Je, inazungushwa na mota au na upepo tu? Brashi ya upepo hupungua kasi mara inapokutana na zulia nene. Je, kimo chake hubadilika kulingana na unene wa zulia? Je, inaweza kuzimwa mtu anapohamia sakafu ya mbao au ya vigae, ili isitawanye mchanga wa choo cha paka pande zote za jiko?

Idadi ya wati iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi hupima umeme unaoliwa, haipimi uchafu unaoondolewa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014 na kukishusha hadi wati 900 kuanzia Septemba 2017, hivyo watengenezaji wakalazimika kuboresha brashi na njia ya hewa badala ya kuongeza ukubwa wa mota. Nchini Marekani tarakimu inayotangazwa ni ya ampea, na kwa kuwa mashine nyingi za waya huandikwa 10 au 12, haimsaidii mnunuzi kuchagua. Ulaya ilikuwa pia na lebo ya nishati kwa ajili ya vifyonza vumbi, lakini mahakama iliifuta mwaka 2018 baada ya kampuni ya Dyson kulalamika kwamba mashine zilikuwa zikipimwa zikiwa tupu. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, na mnunuzi afanye vyema kujiuliza jambo hilo hilo kuhusu mashine yoyote, ikiwemo ya Dyson: itavuta vipi hifadhi yake ikiwa imejaa nusu?

Jambo la pili ni kile kinachotoka nyuma ya mashine. Mtu mwenye mzio wa paka kwa kawaida hasumbuliwi na unyoya wenyewe bali na protini, hasa ile iitwayo Fel d 1, inayotoka katika mate na tezi za ngozi ya paka, ikakauka na kugeuka chembe ndogo zinazoweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Mbwa naye ana protini za aina yake. Mashine inayoondoa manyoya yote lakini ikazipuliza chembe hizo chumbani inamzidishia mgonjwa wa pumu taabu. Chujio la HEPA, yaani chujio la kunasa chembe ndogo mno, kwa kipimo cha Marekani hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na daraja la H13 la Ulaya hunasa asilimia 99.95 ya chembe zilizo ngumu zaidi kunaswa, lakini tarakimu hizo hazina maana iwapo hewa yenye vumbi inavujia kwenye maungio kabla ya kulifikia chujio. Maelezo ya kutafuta ni yale yanayosema kwamba mwili mzima wa mashine umezibwa; maneno "ina HEPA" hayatoshi.

Inafaa kukumbuka kwamba chombo hiki kilianza na mtu mwenye pumu. James Murray Spangler alikuwa msafishaji wa duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, na vumbi la kazi lilikuwa likimtesa. Aliunganisha mota ya feni, brashi, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata hataza mwaka 1908, kisha haki zake zikanunuliwa na familia ya Hoover. Brashi ya kuinua uchafu na mfuko wa kuufungia: mpangilio huo ndio ninaouweka mbele hata leo, ingawa matangazo ya miaka 30 iliyopita yametufundisha kuona mfuko kuwa ni ushamba.

Nafasi ya kwanza: chenye mfuko, kilichozibwa

Katika kundi hili mashine za SEBO za Ujerumani ndizo ninazozitanguliza, iwe Felix au Automatic X. Felix hupinda shingo kuzunguka miguu ya viti, brashi yake huzimwa kwa swichi, na brashi hiyo hutolewa kwa kubonyeza kitufe bila kutafuta bisibisi, jambo ambalo mwenye mbwa wa manyoya marefu atalithamini sana. Automatic X hujipimia yenyewe kimo cha brashi kulingana na zulia, na brashi ikinaswa na soksi au pindo la busati, hujizima kabla mkanda haujaungua.

Faida kubwa, hata hivyo, ni mfuko wenyewe. Manyoya hujaa hewa na huchukua nafasi kubwa kuliko uzito wake. Ndani ya mfuko hugandamizwa, mdomo hufungwa kwa kifuniko, na vyote hutupwa pamoja bila mtu kuvuta pumzi ya vumbi. Asiyekuwa na mfuko hufungua kikombe cha mashine kinachokusanya uchafu juu ya ndoo ya taka na kurudishiwa puani sehemu ya kile alichokwisha kukifyonza. Mfuko pia hutuliza wasiwasi wa viroboto. Mwaka 2007 Glen Needham, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba kufyonzwa tu huua asilimia 96 ya viroboto wazima, na wachanga waliofyonzwa walikufa wote. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuchoma mfuko uani kama wengine wanavyoshauri.

Kasoro zipo na hazifai kufichwa. Mifuko ni gharama isiyokwisha, mashine zenyewe si nyepesi, na nchini Marekani bei ya SEBO mara nyingi ni mara tatu au zaidi ya bei ya mashine ya kawaida ya dukani. Anayeibeba gharama hiyo ananunua kitu kinachotengenezeka, chenye vipuri vinavyopatikana kimoja kimoja. Kwa nyumba yenye mtu wa pumu au mzio, sioni sababu ya kushuka chini ya nafasi hii ikiwa fedha ipo.

Nafasi ya pili: Shark Navigator Lift-Away

Kwa familia nyingi hiki ndicho kitakachonunuliwa, na si kwa makosa. Bei yake Marekani mara nyingi huwa chini ya dola 200, uzito wake ni wa kilo 6 hivi, mwili wake umezibwa na una chujio la HEPA, na brashi inaweza kuzimwa. Sifa iliyokipa jina ni kwamba sehemu yenye mota na kikombe hung'olewa kutoka kwenye fimbo ikabebwa mkononi, kwa hiyo ngazi, makochi na viti vya gari husafishwa bila kuinua mashine nzima. Nyumba za ghorofa za Uingereza, zenye ngazi nyembamba iliyofunikwa zulia, zinaihitaji sifa hii kuliko nguvu yoyote ya kuvuta.

Ila mnunuzi ajue kwamba hapa kazi ya mfuko imehamishiwa kwake. Kikombe si kikubwa, na penye mbwa anayebadilisha manyoya kinaweza kujaa kabla ya sebule kwisha. Vichujio vya sponji vinahitaji kuoshwa mara kwa mara na kukauka kabisa, kwa siku nzima au zaidi, kabla ya kurudishwa. Chujio likirudishwa na unyevu, nyumba nzima hunuka mbwa aliyelowa, na mota yenyewe huhatarishwa. Ushauri wangu ni kununua seti ya pili ya vichujio siku hiyo hiyo ya kununua mashine. Magadi ya unga yanayonyunyizwa kwenye zulia ili kuondoa harufu ya mkojo, pamoja na vumbi laini la mchanga wa paka wa udongo, huviziba vichujio hivi upesi. Mwenye mazoea hayo arejee nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu na ya nne

Bissell, kampuni ya Grand Rapids, Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1876, hutengeneza mfululizo uitwao Pet Hair Eraser, wenye brashi iliyoundwa ili manyoya yasijisokote. Kwa mwanafunzi au kwa anayeanza maisha katika nyumba ya vyumba viwili, hununulika na hufanya kazi. Plastiki yake ni nyepesi na kelele yake ni kubwa. Matoleo yake pia hutofautiana sana katika kuzibwa kwa mwili, kwa hiyo maelezo ya toleo husika yasomwe kwa makini.

Wapo watakaoshangaa kuiona Dyson Ball Animal ikifuata nyuma ya mashine ya bei ndogo. Sipingi uwezo wake: huvuta kwa nguvu, kikombe chake ni kikubwa, haihitaji mifuko, na mpira wake wa chini huifanya igeuke kwa wepesi. Lakini ina uzito wa karibu kilo 8 na haigawanyiki kwa ajili ya ngazi, kichwa chake kinaweza kung'ang'ania zulia laini hata kuisukuma kukawa kazi ngumu, ingawa matoleo ya karibuni yamewekewa kirekebisho, na kikombe humwagwa kwa kishindo cha vumbi kilekile nilichokitaja. Anayelipa bei ya namna hiyo na ana mzio anapaswa kupata mfuko. Anayelipa bei hiyo na hana mzio, mwenye nyumba pana ya sakafu moja, atairidhia.

Vifyonza vya betri nimevipa nafasi ya mwisho kwa nyumba ya mazulia. Vinafaa kwa kusafisha haraka kila jioni. Kwa zulia nene, ambapo brashi inadai umeme mwingi, betri huisha upesi, na baada ya miaka michache huhitaji kubadilishwa. Roboti ni msaidizi tu, na mwenye mtoto wa mbwa ambaye hajafunzwa haja asiiache ifanye kazi peke yake, kwani itakachokikanyaga itakisambaza chumba kizima.

Kabla ya kulipa

Muuzaji aombwe aigeuze mashine na kuitoa brashi mbele ya mteja. Ikihitaji bisibisi na dakika kumi, basi itasafishwa mara moja kwa mwaka, na huo ndio mwisho wa uwezo wake. Katika nyumba zetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu nyuzi za rasta na nywele za bandia zinazoanguka wakati wa kusuka hujisokota kwenye brashi kuliko manyoya ya mbwa yeyote. Hukaza hadi kwenye beringi, huzalisha joto, na hatimaye plastiki huyeyuka. Mkasi utumike kuzikata kila baada ya majuma machache, plagi ikiwa imechomolewa. Matapishi na mkojo wa mnyama visifyonzwe kamwe kwa mashine hizi.

Kuhusu mashine zinazouzwa kwa maonyesho nyumbani, ambazo bei zake Marekani huweza kupita dola 1000 na ambazo wageni wapya huzikubali kwa kuona haya kumkatalia mtu aliyesafisha zulia lao bure: sheria ya serikali kuu humpa mnunuzi hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kufuta mauzo ya aina hiyo, na nchini Uingereza muda huo kwa kawaida ni siku 14. Fomu ya kufuta idaiwe kabla ya kutia saini.

Kwa wanaofikiria kuisafirisha mashine nyumbani baadaye, ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na hezi 60. Ikichomekwa kwenye umeme wa Afrika Mashariki bila transfoma itaungua papo hapo, na transfoma ya kubeba wati zaidi ya 1000 ni nzito na ghali kiasi kwamba haistahili. Ya Uingereza inalingana na umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda, na plagi yake ya miti mitatu huingia bila adapta. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo plagi itahitaji kubadilishwa. Wa kusafirisha mashine ya mfuko aweke pia katoni ya mifuko katika kontena hilo hilo.