Tangi la kukingia maji ya mvua: lipi ununue?

Anza na hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 50 likipata milimita 20 linapokea lita 1,000. Ukitoa yanayorukia pembeni, utakinga kama 800. Sasa geukia kiangazi: watu 5, lita 20 kila mmoja kwa siku, siku 60. Ni lita 6,000. Pipa la lita 200 hapo linakufikisha kesho kutwa.

Chaguo langu la kwanza ni tangi la plastiki. Halishiki kutu, na likifungwa leo mvua ya usiku haikupiti. Ila usilinunue kwa kulitazama nje. Likiwa juani, fungua mfuniko, chungulia ndani huku umeziba nafasi kuzunguka kichwa chako kwa kitambaa. Ukiona ukuta unapitisha mwanga, liache hapo hapo: mwani utaota na maji yatageuka kijani. Jeusi zito ndilo la kuaminika. Lita 5,000 ni tani 5, kwa hiyo lijengee msingi wa zege uliosawazishwa. Jiwe moja chini ya kitako linatosha kulipasua.

La pili ni tangi la saruji na wavu wa waya, analolijenga fundi papo hapo. Likijengwa vizuri hudumu miaka mingi, na ufa unazibika. Msimamie fundi alimwagilie maji kwa wiki nzima, maana saruji iliyoachwa ikauke juani hupasuka.

La tatu, la chini ya ardhi: linabeba mengi na halili uwanja, lakini ufa wake huuoni, na choo kikiwa karibu usithubutu. Mfuniko uwe na kufuli kwa ajili ya watoto.

La bati liko nyuma, huoza kuanzia kitakoni. Mapipa ni ya kuanzia tu, na lililowahi kubeba dawa za shamba usilitie maji hata ukilisugua mara kumi.

Lolote utakalochukua, bakiza fedha za mifereji ya paa na bomba la kumwaga lita 25 za kwanza, zile zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshe. Wavu wa mbu nao ufike hadi kwenye bomba la kufurika. Wengi huziba mdomo wa juu wakaacha huko wazi.